Bakuli la Maua ya Buluu

Mvua ya masika ilianuka kabla ya adhuhuri, na mji mzima ukatokea Darajani kwa pamoja, kana kwamba kila nyumba ilikumbuka wakati mmoja kuwa haina chumvi. Salhiya alipita ubavuubavu katikati ya wachukuzi na wanunuzi. Buibui lake alilikusanya kwa mkono mmoja lisiingie matope, na mtandio wake wa zambarau alikuwa ameufunga kwa uangalifu wa mtu anayekwenda harusini. Mkoba aliouchukua ulikuwa mtupu. Alikuja kuuliza bei tu, na bei alizozisikia zilitosha kumrudisha nyumbani.

Mbele yake mkokoteni ulipanda jiwe, ukayumba, gunia likapasuka. Vitunguu vikamwagika njiani, vikabingiria chini ya meza za wauza viungo na miguuni mwa watu.

"Jamani, msivikanyage! Vina wenyewe!"

Aliyesema hivyo alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati lake lina madoa ya grisi na kofia yake ya viua imelala upande mmoja. Salhiya aliinama akaanza kumsaidia. Alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni: kitu kikianguka mbele yake, hawezi kukipita.

"Hiki kimeoza upande," alisema, akimnyooshea kitunguu kimoja.

"Nipe hivyo hivyo."

"Utamuuzia nani kitunguu kilichooza?"

"Siuzi mimi."

"Uko Darajani, unasukuma gunia la vitunguu, na huuzi?"

"Nnapewa na wenye maduka. Vilivyowabakia." Kijana alitoa kisu kidogo mfukoni, akakata upande uliooza, akabakisha nusu nyeupe iliyokuwa ikitoa machozi. "Tazama. Nusu hii ni nzima. Kuna nyumba leo itaunga mchuzi kwa nusu hii."

"Basi wewe mfanyabiashara wa ajabu. Asiyetaka kuuza ana lake jambo."

Kijana alicheka, meno yake yote yakaonekana. "Ahsante, dada mwenye mtandio wa zambarau."

"Nna jina langu."

"Nnalingoja."

"Utalingoja sana," alijibu Salhiya, akageuka, akaondoka. Alijizuia kucheka mpaka alipokata kona ya Mkunazini, na hapo akacheka peke yake kama mwendawazimu, mkono mdomoni.

Muda mrefu ulikuwa umepita tangu acheke hivyo. Salhiya alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa huko Kiwengwa. Mvua zilipoanza, wageni walikwisha, hoteli ikafunga milango, na wafanyakazi wakaambiwa wakae majumbani mwao mpaka watakapoitwa. Alirudi kwa mama yake, katika chumba chao cha juu kwenye nyumba kongwe ya wakfu, mtaa wa Kajificheni. Mama yake, Bi Fathiya, alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi za mji huu, kutoka Malindi mpaka Vuga, zilisubiri aseme mwenyewe siku gani ana nafasi. Kisha kiharusi kikauchukua mkono wake wa kulia, ule wa mwiko, na jikoni kwake kukanyamaza. Hakuna aliyewatupa, bali wao wenyewe walijifungia. Bi Fathiya hakutaka mtu aliyewahi kula pilau lake ajue kwamba siku hizi yeye na binti yake wanakunywa uji wa mchele mchana na kuuongeza maji usiku.

Tahiya ndiye aliyemtajia Salhiya habari za ghala. Huyu alikuwa rafiki yake wa kule hotelini, naye pia yuko nyumbani.

"Liko nyuma ya Mlandege," alimwambia kwenye simu. "Wanapewa chakula na maduka, na mahoteli, na watu wenye imani. Wanagawa kila wiki. Mimi nnakwenda, shoga."

"Wewe?"

"Mimi, na pua yangu hii. Nnachukua mchele wangu, nnasema ahsante, nnarudi. Hakuna aliyenila."

"Mimi siwezi, Tahiya."

"Heshima haichemki chunguni, mwenzangu. Mama yako anakula nini leo?"

Siku ya mgao Salhiya alivaa ule mtandio wa zambarau, kwa sababu aliona kwamba kama lazima aende kuomba, hatakwenda akiwa amechakaa. Mkoba wa kubebea chakula aliukunja akautia ndani ya mkoba mwingine mweusi. Alipofika alikuta wenzake wengi wamefanya hivyo hivyo: mifuko ndani ya mifuko, macho chini, kila mmoja akijifanya amepita tu.

Na mlangoni, akipokea watu, alisimama yule kijana wa vitunguu.

Damu yote ilimpanda Salhiya usoni. Alitaka kugeuka, lakini nyuma yake palikuwa na watu, na macho yake na ya kijana yalikwishakutana. Kijana akainua mkono, akaita kwa sauti iliyosikika kwa kila mtu:

"Haya, mwenye vitunguu vyake kaja! Dada, umekuja kudai vile ulivyoniokotea?"

Watu wakacheka. Salhiya naye akacheka, na aibu ikapungua. Alielewa vizuri alichofanyiwa: mbele ya watu wote alikuwa amegeuzwa mdai badala ya muombaji. Akapokea mchele, maharage, mafuta, na vitunguu ambavyo kijana alivichagua kimoja kimoja, vizima vyote.

"Salhiya," binti alimwambia kijana kwa sauti ya chini, alipokuwa akifunga mkoba.

"Naam?"

"Ndilo jina langu. Ulikuwa unalingoja."

Yeye aliitwa Mansour. Alikuwa fundi wa mafriji, akiishi Miembeni na shangazi yake, Bi Mashavu, aliyemlea. Aliitwa ghalani siku moja kutengeneza friji, akaona watu waliokuwa wakingoja nje, na tangu siku hiyo kila alasiri alifunga duka lake mapema akaenda kugawa. Alipojua kuwa Bi Fathiya hawezi kushuka ngazi, alianza kumpelekea fungu lake mwenyewe, akipanda zile ngazi za mbao zilizosimama wima kama ukuta, gunia begani, akipiga hodi kutoka chini kabisa ili wenyewe wapate kujitengeneza.

Na simu zikaanza.

"Umefika salama?" Salhiya aliuliza jioni moja.

"Nimefika. Ngazi zenu zimenitoa roho."

"Pole. Fundi wa mafriji, mbona unatoka jasho? Si ungejipoza?"

"Kazi yangu kupoza vya watu. Mwenyewe nnaungua, na anayeniunguza anacheka kwenye simu."

"Nani huyo asiyekuwa na huruma?"

"Ana mtandio wa zambarau. Ukimuona mwambie nnamtafuta."

"Ntamwambia, akipata nafasi."

Kutoka kitandani, Bi Fathiya aliuliza, "Nani huyo unayemchekea mpaka simu imekuwa moto?"

"Mtu wa ghala, mama."

"Mtu wa ghala," alirudia mama yake taratibu, akageukia ukutani ili binti asione anavyotabasamu.

Kitu kimoja tu kilimkera Bi Fathiya juu ya kijana yule. Kila alipokuja walimkaribisha, na kila walipomkaribisha alikuwa na jawabu lile lile. Chai? "Nshakunywa, mama, ahsante." Kipande cha muhogo? "Nshakula, wallahi nshakula." Hata maji alikataa, huku jasho likimtiririka shingoni.

"Kijana mwema," alisema Bi Fathiya siku moja baada ya hatua kuzama chini ngazini. "Lakini hajala kwetu hata punje. Mtu asiyekula kwako bado hajaingia kwako."

"Anatuonea haya, mama. Anajua hali yetu."

"Ndiyo maana nikasema."

Ramadhani ikaingia, na mji ukabadilika uso. Mchana maduka yalisinzia; alasiri harufu ya nazi na iliki ilitoka kila dirisha, na kabla ya magharibi vichochoro vilijaa sahani zilizofunikwa makawa, zikipita kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Kila nyumba ilipeleka, kila nyumba ikapokea. Na kila aliyepokea alijua wajibu wake: chombo cha mwenzako hukirudishi kitupu. Kama huna kitu utatia malimau mawili, au tawi la mrehani, ilimradi aliyekipeleka akifunua akute mkono wako ndani.

Duka moja la nguo lilimpa Salhiya magauni ya Idi ayapinde pindo. Ujira ulipopatikana, kitu cha kwanza alichokifikiria hakikuwa cha kwake.

"Mama, nataka tumpikie Mansour futari."

Bi Fathiya akajisogeza kitandani, akajiinua. "Niletee kiti jikoni."

Wakapika kuku wa kupaka na mkate wa kumimina. Salhiya ndiye aliyekuwa mikono na mama yake ndiye aliyekuwa ulimi. "Tui zito lisichemke sana, litakatika. Koroga upande mmoja. Moto punguza, moto! Kuku huyu anakwenda kwa watu, haendi vitani." Kulikuwa na rangi mashavuni mwa yule mama ambayo binti yake hakuwa ameiona tangu kabla ya kiharusi. Walitenga cha kwao kwanza, kipaja kizuri cha Bi Fathiya ndani yake. Ilipofika kupakua, mama akaashiria juu ya kabati.

"Bakuli la maua ya buluu."

"Mama! La harusi yako?"

"Bakuli hilo halijawahi kutoka humu ila kwa watu wetu. Likitoka linasema neno. Kama kijana ana masikio, atasikia."

Salhiya akalifunika kawa la ukili jekundu na jeusi, akampitia Tahiya, wakaenda Miembeni pamoja. Tahiya alisimama mbali kidogo, akajifanya anatazama simu yake. Mansour alifungua mlango. Alipolipokea bakuli, harufu ya kuku ikasimama kati yao kama mtu wa tatu.

"Hiki cha nani?"

"Chako. Cha kufuturu."

Aliinua kawa kidogo, akalishusha upesi. "Salhiya... nyinyi mmebakisha nini?"

Salhiya alicheka akamwambia ale, asiulize mambo ya wapishi. Njia nzima ya kurudi alikuwa akielea, wala hakuyapa uzito yale maswali. Angeyapa uzito, pengine yasingetokea yaliyotokea.

Kesho yake baada ya alasiri, hodi ilisikika ngazini. Bi Fathiya alikuwa amelala. Salhiya alitengeneza mtandio wake, akatoka ukumbini. Mansour alisimama pale na bakuli mikononi, limefunikwa kawa lake, naye uso umejaa furaha ya mtu aliyefanya jambo la busara.

"Sikulirudisha tupu," alisema. "Mimi pia nimefunzwa."

Bakuli lilikuwa zito. Salhiya akafunua.

Ulikuwa mchele. Aliujua kabla hajaugusa: zile chembe fupi zilizokatika, za ghala, ambazo wiki nyingi sasa alikuwa akizipeta katika ungo. Juu yake kimfuko cha maharage na kichupa cha mafuta. Lilikuwa fungu kamili la mgao, limepangwa vizuri ndani ya bakuli la harusi ya mama yake.

"Hiki nini, Mansour?"

"Nimekuongezeeni. Nilijua jana mmejinyima."

"Na kuku? Ulimuonaje?"

Hapo kijana akababaika. Lakini hakuwa mwongo. "Sikumla. Nilimpelekea mzee Mcha, kule Kikwajuni. Ana wajukuu wengi, hawajaonja kuku siku nyingi. Ungewaona, Salhiya, walivyofurahi! Nikasema hii ni thawabu yenu nyinyi, wewe na mama."

Salhiya aliliweka bakuli chini kwenye sakafu, taratibu sana, kwa sababu aliiogopa mikono yake.

"Mimi nilikuomba unifanyie thawabu?"

"Hapana, lakini—"

"Nilikuletea futari. Nilikaa jikoni tangu adhuhuri, na mama yangu mgonjwa amekaa kwenye kiti anachungulia chungu, kwa ajili yako wewe ule. Wewe! Wala si mzee Mcha, Mungu amzidishie. Kisha bakuli langu unanirudishia na mgao ndani, kana kwamba nilikuja nalo kwako kuomba!"

"Chombo hakirudi kitupu, ndivyo tulivyofunzwa."

"Umefunzwa nusu. Chombo kinarudi na kitu chako. Hiki chako? Mchele huu wako?"

Mansour aliinamisha macho kwenye bakuli.

"Mlangoni mwa ghala ulinipa heshima mbele ya watu," alisema Salhiya, na sauti yake ikavunjika. "Nikadhani umeniona mimi. Kumbe umeona njaa yangu tu. Hata nikikupa, unaona njaa. Hata nikikupenda, utaona njaa."

Neno lile, kupenda, lilikuwa halijawahi kutamkwa kati yao, na sasa lilitoka katika ugomvi.

"Nenda, Mansour. Usipande tena ngazi hizi. Fungu letu wape wengine wenye haja."

Akaenda. Hatua zake zilishuka nzito, zikasita chini kabisa, zikaisha. Salhiya alilisukuma bakuli mpaka nyuma ya kabati, akalifunika kawa, asiuone tena ule mchele.

Siku zilizofuata simu ililia na hakuipokea. Hakwenda ghalani. Kufunga kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kufuturu. Alichemsha uji, akauongeza maji, akamwambia mama yake kwamba Mansour ana kazi nyingi za mafriji, maana Ramadhani kila mtu anataka barafu. Tahiya alimpigia kumgombeza.

"Ati umemfukuza mtu kwa kukuletea mchele?"

"Kwa kunirudishia mgao, Tahiya. Kuna tofauti."

"Mimi naiona tofauti. Tumbo lako linaiona?"

"Linaiona. Usiku linanambia."

"Basi wewe na tumbo lako mna kiburi kimoja," alisema Tahiya, lakini kwa huruma, na kabla ya kukata simu akaongeza, "Kachakaa mwenzio. Jana kampa mtu chumvi mara mbili, mchele kausahau."

Jioni moja, mara tu baada ya magharibi, mlango uligongwa. Alikuwa Bi Zuleikha, jirani wa chini, mjane anayeuza ubani, ameshika sahani ya muhogo wa nazi inayotoa moshi.

"Nimeona leo nikuleteeni kidogo, mwanangu."

"Ahsante, Bi Zuleikha," alijibu Salhiya haraka. "Lakini sisi tushakula, wallahi tushakula."

Uso wa Bi Zuleikha ulibadilika. Hakukasirika. Mikono yake tu ilirudi nyuma pamoja na sahani, kama mikono iliyopigwa kofi jepesi. "Haya, mwanangu. Inshallah siku nyingine." Akaanza kushuka.

Salhiya alisimama mlangoni, na neno alilolisema likamrudia masikioni kwa sauti ya mtu mwingine. *Nshakula, wallahi nshakula.* Alikuwa amelichukia neno lile kinywani mwa Mansour, na sasa lilikuwa limetoka kinywani mwake mwenyewe, tena la uongo, huku chungu cha uji kikichemka nyuma yake. Na ule uso uliokuwa ukishuka ngazi, aliujua. Ulikuwa uso wake mwenyewe juu ya bakuli la buluu.

"Bi Zuleikha!" Alikimbia akamkuta katikati ya ngazi. "Nisamehe. Nimekwambia uongo. Hatujala kitu."

Mjane akamkabidhi sahani, akamgusa shavu.

Walikula muhogo ule mama na binti, na wakati wa kula Salhiya alimsimulia mama yake yote: kuku, mzee Mcha, mchele, maneno ya ukumbini. Alitarajia mama yake akasirike kwa ajili ya bakuli. Bi Fathiya alicheka mpaka akapaliwa.

"Mama!"

"Nnajicheka mwenyewe, sio yeye. Ugonjwa wake ninao. Miaka yote niliyopika harusi za watu, unadhani nilikuwa nnakula? Nnapakua. Kila sahani nnamuona mwenye nayo, isipokuwa yangu. Nikialikwa kwa mtu, siwezi kukaa mkekani. Nnatafuta jikoni, nnatafuta mwiko. Mtu akinipa kitu, mikono yangu inauliza nimpe nani. Marehemu baba yako ndiye aliyenishika bega siku moja akanambia, 'Fathiya, kaa chini, ule, nami nikuone.' Nililia siku ile. Nilikuwa sijui hata kwamba nna njaa."

Salhiya alikwangua sahani kwa kidole.

"Yeye hakukudharau, mwanangu. Hajui kupokea. Sasa niambie: kati yenu wawili, nani anajua?"

Sahani ya Bi Zuleikha ilirudi asubuhi na tawi la mrehani kutoka kwenye kopo la dirishani. Alasiri, Salhiya alichukua simu.

"Naam," sauti ya Mansour iliitika kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Siku ile nilipokuletea kuku, ulikuwa na njaa?"

"Nilikuwa nimefunga kama kila mtu."

"Harufu uliisikia?"

"Mpaka leo nnaisikia. Nnalala nayo."

"Kwa nini hukula?"

Kwa mbali Salhiya alisikia mlio wa friji likianza kunguruma.

"Niliogopa," alisema Mansour mwisho. "Niliona kila tonge limetoka kinywani mwa mama yako. Nikajua likinipita kooni, ntakuwa nadaiwa na nyinyi kitu ambacho siwezi kukilipa. Kugawa ni rahisi, Salhiya. Unasimama upande ule wa meza, mkono wako uko juu, hakuna anayekuona ndani. Mimi sijui kukaa upande wa pili."

"Mimi nnaujua. Na mama yangu alikula kipaja cha kuku yule yule, kikubwa kuliko chako."

"Sikujua."

"Uliuliza, sikukujibu." Akavuta pumzi. "Na mimi ningeweza kukwambia kwa maneno mazuri zaidi. Kesho futuru kwetu."

"Nije na nini?"

"Njoo na njaa."

Kesho yake Bi Fathiya aliagiza bakuli litolewe nyuma ya kabati. "Mchele huu hauna kosa," alisema. "Upete, tuuunge nazi." Wakaupika, na maharage yake, na Bi Zuleikha akawaazima mbuzi ya kukunia. Mkeka ukatandikwa. Hodi ilipopigwa kutoka chini kabisa, hatua zilizopanda zilikuwa za watu wawili: Mansour, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia yake leo imekaa sawa, na nyuma yake Bi Mashavu, mwanamke mnene wa kanga mpya, akipumua kwa shida na kulaani fundi aliyejenga ngazi zile.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, mwanangu. Nipe mkono nisirudi chini kwa mgongo."

Mansour alishika sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa. Alimpa Salhiya kwa mikono miwili. "Hiki sio cha ghala," alisema.

Salhiya akafunua. Zilikuwa tambi za sukari, au ziliwahi kuwa. Upande mmoja zilikuwa nyeusi kama mkaa, upande mwingine hazijaiva.

"Naona," alisema. "Ghala halijawahi kuunguza."

"Kafukiza nyumba nzima!" alipiga kelele Bi Mashavu. "Nikamwambia niachie mimi. Akakataa, ati lazima ziwe za mkono wake. Majirani wakaja na ndoo za maji!"

Bi Fathiya alinyoosha mkono wake wa kushoto, akachukua uzi mmoja wa tambi, akauweka pembeni ya sahani yake kungoja adhana. "Nusu hii ni nzima," alisema. "Kaa chini, mwanangu."

Mansour alitazama jikoni. Alitazama birika, kana kwamba anataka kulishika awanawishe watu. Salhiya alilichukua yeye. Kijana akakaa mkekani, magoti pamoja, kama mtoto siku ya kwanza ya chuo cha Kurani.

Adhana ikapanda kutoka misikiti yote ya mji, moja ikiifuata nyingine. Wakafungua kwa tende. Salhiya akapakua wali, akaiweka sahani mbele ya Mansour, naye mwenyewe akakaa akamtazama bila ya kujificha. Alikula tonge la kwanza kama anayesikiliza kitu. La pili. Mchele ule ule aliousukuma kwenye mkokoteni, akaupima, akaufunga, akaugawa kwa watu wasiokuwa na idadi. Ilikuwa dhahiri kwamba hajawahi kuuonja. Kisha mkono wake ukaanza kwenda wenyewe, haraka, mkono wa mtu mwenye njaa ya siku nyingi, na sahani ikawa nyeupe.

Bi Mashavu alijipangusa mdomo, akakaa sawa. "Bi Fathiya, mimi sikupanda ngazi hizi kwa wali peke yake, ijapokuwa wali mtamu. Nimekuja na neno. Kijana wangu huyu anataka—"

"Nnalijua neno lako, mwenzangu. Mwache kwanza amalize kula."

"Kishamaliza."

"Bado," alisema Bi Fathiya. "Mtazame."

Wote wakamtazama. Mansour alikuwa ameishika sahani yake tupu kwa mikono miwili. Chunguni, alijua kama Salhiya alivyojua, hapakubaki kitu isipokuwa ukoko, na ukoko ule ulikuwa wa Salhiya, ambaye hajajipakulia. Lile neno lake la zamani lilimpanda mpaka mdomoni. Salhiya aliliona kabisa likifika. Kijana akalimeza. Akamnyooshea sahani.

"Niongeze," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Salhiya akakwangua chungu. Ukoko ulitoka mzima, wa rangi ya dhahabu, unanukia nazi na moshi. Akauvunja kati, nusu akaitia katika sahani ya Mansour na nusu katika yake, wakala wakisikiliza meno yao.

Walipokuwa wakiondoka, Bi Mashavu alisimama mlangoni. "Na jawabu letu, Bi Fathiya?"

"Jawabu ni la mwenyewe. Litakuja na sahani yenu."

Shangazi akatangulia kushuka, hatua moja moja, akilalamika. Mansour alibaki nyuma kidogo, mkono kwenye kizingiti, na taa ya ukumbini ikamulika doa dogo la mafuta ya nazi kwenye kifua cha kanzu yake nyeupe. Hakuwa amelitambua, na Salhiya hakumwambia.

"Sahani utanirudishia lini?"

"Una haraka ya sahani?"

"Sina haraka ya sahani."

"Basi nenda, shangazi yako asianguke." Alimwacha ashuke ngazi kadhaa katika kiza, kisha akainama juu ya reli, mtandio wa zambarau ukaning'inia.

"Mansour!"

"Naam!"

"Hairudi tupu."